Hodi Haikuambiwa Msiba

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe kumi na moja Julai, mwaka 2071, mchana kweupe, watu wakiwa na matonge mikononi.

Siku hiyo Bathromeo Luambano alikuwa anaanua matanga ya mkewe. Baridi ya Iringa ya mwezi wa saba haina adabu. Ilikuwa imeingia hadi chini ya maturubai, na waombolezaji walijikunyata na mablanketi mabegani, wakila na kungoja kitu ambacho kila mmoja alijua kinakuja. Eufrasia alikuwa Mngoni, kama mumewe, na Mngoni hamalizwi matanga katika nchi ya Wahehe bila Wahehe kuja kumtania. Hilo halikuanza jana. Mababu walichinjana, wakachoka, wakapatana wawe wanachekana, na mahali pa kuchekana wakachagua msibani, kwa sababu hapo ndipo mtu anapokihitaji kicheko na hana pa kukitoa.

Mtani alikuwa Leokadia Kikoti, muuza pombe ya ulanzi, mwanamke mwenye kifua cha kuimbisha kwaya nzima bila kipaza sauti. Yeye na Eufrasia walikuwa wametukanana kwa upendo tangu wakiwa wasichana. Akatokea nyuma ya nyumba amevaa aproni ya marehemu, kilemba cha marehemu, mwiko wa marehemu kwapani. Alitembea kama Eufrasia, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo, mkono kiunoni, shingo imetangulia kama ya bata mzinga aliyesikia jina lake likitajwa jikoni. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Bathromeo naye alicheka, akafuta machozi, asijue yapi ni ya nini.

"Haya, nimerudi," Leokadia akasema, na sauti ilikuwa ile ile, ya puani, yenye mikwaruzo. "Huko nilikokwenda hawajui kupika. Malaika wanakula kande mbichi, wanasema ni utakatifu. Na wewe Bathromeo, mlinzi gani unalindwa na sweta?"

Hapo hata padre aliweka sahani chini.

Kama angeishia pale uani, leo kusingekuwa na hadithi. Lakini nyumba ile ilikuwa ya wafanyakazi wa chuo, na pembeni mwa mlango wa mbele palikuwa na kisahani cheusi cha ukubwa wa kiganja. Hicho ndicho Hodi. Nyumba zote za chuo zilikuwa nacho, na hospitali, na ofisi za serikali za mkoa mzima. Mtu hakuwa na ufunguo tena, wala kadi, wala neno la siri. Alisimama mlangoni, akabisha hodi, akasalimiwa, akataniwa kidogo, na kwa namna alivyojibu, mlango ulijua ni nani.

Leokadia akausogelea mlango kwa madaha.

"Hodi wenyewe."

"Hodi nani?" mlango ukauliza.

"Nani mwingine anatembea na mwiko?"

"Mbona umechelewa? Maharage yameungua."

Leokadia hakujibu upesi. Akafyonza meno, akainua kidevu, akasema vile vile ambavyo Eufrasia angesema: "Yakiungua mpe Profesa. Hajui tofauti."

Mlango ukacheka. Uani watu wakacheka zaidi, wakadhani mlango nao ni mmoja wa waombolezaji. "Karibu, mama," Hodi ikasema. Naye Leokadia, mchezo ukiwa umempanda kichwani, akainua mwiko juu, akatoa ule wito ambao kila aliyewahi kula katika kantini ya Kituo cha utafiti cha chuo, alikopika marehemu, aliujua.

"Fungueni milango, chakula kimeiva."

Milango ikafunguka.

Haikufunguka ya nyumba ile peke yake. Mabweni ya wasichana na ya wavulana yalifunguka kwa pamoja, jambo ambalo wanafunzi hawakulilalamikia. Nguruwe wa Idara ya Kilimo walitoka bandani kwa utaratibu zaidi kuliko wahitimu, wakapanda barabara ya lami hadi maktaba. Ofisi za serikali, ambazo siku za kazi zenyewe huwa hazifunguki, zilifunguka Jumamosi. Na katika bohari ya dawa, majokofu yenye chanjo za watoto wa mkoa mzima yalikaa wazi mchana kutwa, yakipumua ubaridi wake nje hadi yakaisha pumzi.

Hapo kicheko kilikoma. Hakuna aliyekufa, ila chanjo zote zilimwagwa, na kina mama waliotembea kutoka vijijini na watoto mgongoni waliambiwa warudi mwezi ujao. Kabla jua halijazama polisi walikuja wakamchukua Leokadia. Walimchukua na aproni yake, yaani ya Eufrasia, akiwa bado ameivaa.

*

Kituo chenyewe, kwa jina lake refu Kituo cha Utafiti wa Usalama Tumizi wa Mitandao, cha Chuo Kikuu cha Nyanda, kilijengwa mlimani, kikitazamana na jiwe la Gangilonga. Wazee wa mji walisema jiwe lile lilikuwa likiongea zamani. Bathromeo alikuwa akisema jiwe lina akili, lilinyamaza lilipoona wasomi wanakuja.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa mlinzi wa geti la Kituo tangu siku geti lilipokuwa boriti ya mti na jiwe la kuizuia. Wakubwa walipoleta Hodi, walimwita, wakampa cheti chenye jina lake lililokosewa, wakampeleka kumwagilia maua. Wakubwa hawakosei. Hupitiwa tu. Mkewe alibaki kantini, akipika na kumkaripia kila mtu kwa usawa, na wao hawakupitiwa kumwachisha, maana tumbo la mkubwa halina kupitiwa.

Jumatatu asubuhi Bathromeo alifika getini kama siku zote.

"Kamwene, mlinzi wa sweta," Hodi ikasema kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Nyumbani?"

"Kwema."

"Na mama, hajambo?"

"Hajambo."

Geti likajivuta kando. Sauti haikuwa ya Eufrasia, ilikuwa ya msichana fulani laini wa redioni. Lakini mwendo wa maneno ulikuwa wake, na mahali pa kunyamaza palikuwa pake, na lile neno la sweta hakuna mwingine chini ya jua aliyewahi kumwambia. Tangu azikwe, Bathromeo alikuwa akipita getini mara nne au tano kwa siku. Maua ya Kituo hayajawahi kumwagiliwa hivyo. Mengine yalioza.

Dakta Somoe Mnandi alikuwa akimngoja kwenye ngazi za kantini, amejifunga shuka juu ya koti. Alikuwa binti wa Lindi, aliyefika hapa akiwa mwanafunzi, akalia siku tatu kwa baridi, mpaka Eufrasia alipomvuta jikoni akamkalisha karibu na jiko na kumwambia akilia tena atawekwa kwenye sufuria. Tangu hapo alikuwa mtoto wa nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leokadia wamemlisha?"

"Sijui. Keti kwanza, baba. Nina jambo nataka nikueleze, na sijui nianzie wapi."

"Anzia pale unapoanzia na mtu aliyeishia darasa la nne. Ndiye unayezungumza naye."

Somoe alicheka kidogo, akakaa ngazi ya chini yake. Akamkumbusha ule mwaka wa nyuso bandia, mashine zilipojifunza kughushi kila kitu cha mtu: uso, kidole, sauti, hata mboni. Watu waliamka wakakuta wameoa, wameuza mashamba, wamejiuzulu kazi. Wataalamu duniani kote walishika vichwa. Hapa Kituoni mtu mmoja aligundua kwamba kuna kitu mashine haiwezi kughushi: namna mtu anavyojibu akitaniwa na anayemjua. Anaponyamaza. Anapofyonza meno. Anachokataa kujibu. Sauti ya kughushi hujibu upesi mno, na hujibu kwa adabu.

"Huyo mtu mmoja alikuwa wewe," Bathromeo akasema. "Mama yako alijisifu soko zima."

"Nilikuwa nimekaa jikoni kwake, baba, sikugundua peke yangu." Somoe akavuta shuka. "Ilibidi Hodi ifundishwe na mtu. Tukaweka masikio yake kantini, miaka, ikimsikiliza mama akisalimia na kutania watu. Mlango wa kwanza uliojua kufunguka ulifunguka kwake. Milango mingine yote ilizaliwa na mlango ule. Kwa hiyo yeye alikuwa na ufunguo wa yote. Hakujua. Ulikuwa wa majaribio tu, ulipaswa uondolewe."

"Na haukuondolewa."

"Alipofariki nilimwambia Profesa wiki ile ile. Akasema tungoje kidogo, wageni wa wizara wanakuja, nao wanapenda Hodi inavyotania. Nikangoja."

"Wageni wakaja?"

"Wameahirisha mara mbili."

Bathromeo akatema mate pembeni, mbali na viatu vya binti. Hakushangaa. Angeshangaa kama ingekuwa vinginevyo.

"Lakini si hilo tu, baba." Sasa Somoe hakumtazama. "Hata ufunguo ukiwapo, mtu asipoonekana siku nyingi Hodi huanza kuwa na shaka. Huwauliza walio karibu naye kama yupo. Tuliona ni vibaya iulize kama polisi. Kwa hiyo inauliza kwa salamu."

Bathromeo alihitaji muda mfupi sana kuelewa. Aliona geti, akajiona mwenyewe amesimama mbele yake kila asubuhi na kila jioni na kila alipojitungia sababu. Na mama, hajambo? Hajambo.

"Sasa ulitaka nijibuje?" akasema polepole. "Salamu ni salamu. Mtu hata akiwa amevunjika mguu husema sijambo kwanza. Husema njema, kisha ndipo husema, ila. Habari yenyewe huja baada ya ila. Hiyo Hodi yenu haikuniuliza ila."

"Najua, baba. Mimi nimekulia pwani, naijua hiyo ila. Niliijenga Hodi, hiyo ila nikaisahau."

Ndani ya kantini mpishi mpya alikuwa akigonga sufuria bila mpangilio.

Kisha Somoe akamweleza yaliyobaki, na hayo ndiyo yaliyomfanya asimalize chai aliyokuwa amemletea. Sheria ya Hodi ilisema kumwigiza mtu aliye hai mbele ya mlango ni jinai, kifungo cha miaka saba. Kumwigiza marehemu si kosa, kwa sababu marehemu hana ufunguo. Na kwa kumbukumbu za Hodi, Jumamosi ile Eufrasia Luambano alikuwa hai na mzima. Mumewe alikuwa amethibitisha asubuhi hiyo getini, alipokwenda kuazima viti.

"Ukiiambia Hodi ukweli kwa mdomo wako, maana haipokei karatasi wala neno la mtu wa nje, na siku aliyofariki, ufunguo unahesabika umekufa tangu siku hiyo. Mama Kikoti anakuwa ametania marehemu, basi. Hapo swali litakuwa kwetu sisi, kwa nini mlango ulimfungulia mtu asiye na ufunguo."

"Basi nakwenda getini sasa hivi."

"Ngoja, baba." Akamshika mkono wa sweta. "Ikijua amefariki, itafuta yote iliyojifunza kwake. Tuliijenga hivyo ili marehemu asitumikishwe. Sweta, maharage, kunyamaza kwake, vyote. Itakusalimu kama inavyomsalimu mgeni."

"Huwezi kunifichia kidogo tu? Pembeni?"

"Nikikufichia kidogo, mwizi wa kesho atakipata hicho hicho kidogo."

Bathromeo akautazama mkono ule mdogo juu ya sweta lake. Kwenye kiwiko uzi ulikuwa umeachia.

*

Profesa Desderi Mwinuka, mkurugenzi wa Kituo, alimpokea ofisini mwake mchana ule ule, akamkalisha kwenye kochi. Bathromeo alikuwa ameilinda ofisi ile tangu haijapakwa rangi, na hakuwahi kujua kwamba kochi lake linazama.

"Mzee wangu, pole sana. Chai?"

"Nimekunywa."

"Hata ya tangawizi?"

"Ya tangawizi sijanywa."

Profesa akamimina mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, aliyezoea kuinama ili asikike mwema. Akasema Kituo kinampenda Mzee Luambano. Akasema Eufrasia alikuwa nguzo. Akasema ajali ni ajali, ila kesi ikigeuka ikawa ya Kituo, serikali itakifunga, na pale mlimani patabaki nguruwe na jiwe. Kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Tutakuwekea Hodi ndani ya nyumba. Si mlangoni tu. Jikoni, chumbani. Utaamka inakusalimu, utalala inakutakia usiku mwema. Itakukaripia ukisahau kula. Yote kama alivyokuwa yeye, maisha yako yote, bure. Ufunguo wake tutautoa kimya kimya, hautafungua tena mlango wa mtu. Wewe endelea tu kusalimiana nayo kama kawaida."

"Niseme hajambo."

"Hakuna anayekuambia useme uongo, mzee wangu. Salamu si kiapo."

"Na Leokadia?"

Profesa akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mahakama zina huruma. Na tuseme ukweli, yule ni mama wa kilabuni. Anajua kuvumilia."

Kuna maneno ambayo mtu huyatoa mdomoni bila kuyasikia. Bathromeo aliyasikia kwa niaba yake. Alitaka kumwambia kwamba Leokadia ndiye aliyemwosha Eufrasia, wakati barua ya rambirambi ya Kituo ilifika ikiwa na jina la marehemu mwingine. Hakusema. Na aibu yake ni kwamba hakunyamaza kwa hasira. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ameshaiona nyumba, asubuhi, giza bado, na mtu anayemuuliza kwa nini amevaa soksi mbili tofauti.

"Hata mimi inanitania," Profesa akasema ghafla, akiangalia kikombe. Sauti yake haikuwa ya mkurugenzi. "Kila nikiingia inaniambia nimekonda, mke wangu anipunguzie mihadhara. Sina mke sasa, tumeachana. Eufrasia hakuwahi kujua, kwa hiyo nayo haijui. Inaendelea kuniuliza hali yake. Nami najibu hajambo."

Kwa mara ya kwanza maishani, Bathromeo alitamani kumchukia mtu huyu akashindwa kumaliza.

"Kesi inasomwa kesho," Profesa akasema, akirudi kimo chake. "Fikiria, mzee wangu."

*

Leokadia alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu kama mtu aliyealikwa akakuta wenyeji hawapo. Askari alimruhusu Bathromeo apitishe bakuli la kande.

"Umepika mwenyewe?" Leokadia akauliza.

"Mwenyewe."

"Basi wameshanihukumu."

"Kula, mtumwa wangu."

"Mtumwa ni wewe. Babu yenu alitukimbia akaacha hadi viatu, ndiyo maana Wangoni mna nyayo ngumu." Akaonja. Akatafuna muda mrefu kuliko kande inavyohitaji. "Chumvi umeiweka au uliitaja tu?"

Bathromeo akamweleza kila kitu: sheria, geti, salamu, sweta, na ile nyumba ya Profesa inayosalimia. Hakuacha hata pale pa aibu. Leokadia alisikiliza akitafuna, halafu akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo ukisema, mimi natoka, yeye anaondoka. Usiposema, yeye anakaa, mimi nalala hapa."

"Ndivyo alivyosema Somoe."

"Wasomi hawa. Wametengeneza mlango, wameushindwa, sasa wanataka mgane aufunge."

Bathromeo akakamata nondo. Alikuwa na ombi lililomlemea tangu Jumamosi. "Leokadia, niigizie kidogo. Neno moja tu. Nisikie, kisha nitajua la kufanya."

Mtani wake alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha usoni.

"Siwezi."

"Uliweza juzi."

"Juzi matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Mimi namvaa marehemu ili watu wamwone mara ya mwisho, kisha namvua mbele yao, nakunja nguo, nazirudisha. Ndiyo kazi ya mtani. Juzi walinikamata sijavua." Akavuta pumzi. "Nikimvaa leo tena, lini nitamvua? Nitakuwa kama huo mlango wako."

"Kwa hiyo unaniambia niseme."

"Sikuambii kitu. Nikikuomba unitoe, utani wetu umekwisha, utakuwa umenifadhili, na mimi kufadhiliwa na Mngoni siwezi, afadhali miaka saba." Alicheka, lakini bakuli akaliweka chini na kande bado. "Ila ile aproni wamesema ni kidhibiti. Ina doa la bizari pale kifuani. Mwambie askari asiifue."

*

Jumanne ukungu ulikuwa umelala juu ya mlima, Gangilonga haionekani. Bathromeo alipanda akijisemesha. Kuna maneno alikuwa hajawahi kuyatamka. Yalitamkwa na daktari, yakatamkwa na padre, yakatamkwa na mwenyekiti wa mtaa kwa kipaza sauti, na watu walipokuja kumpa pole aliwaitikia tu, tumeshapoa. Mwenyewe hakuwahi. Sasa aliyasema barabarani, kwa sauti ndogo, ili mdomo uyazoee. Eufrasia amefariki. Amefariki tarehe mbili Juni. Mara ya kwanza yalimkwama. Mara ya tano yalipita, kavu, kama kumeza ugali bila mboga.

Getini palikuwa na watu. Somoe alisimama upande wa ndani, amejifunga shuka lake, macho mekundu. Gari la Profesa lilikuwa limesimama kando, injini ikinguruma, kioo kimeshushwa. Polisi wangemfikisha Leokadia mahakamani jua likipanda. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni walimpisha mzee apite mbele, kwa heshima ya msiba, bila kujua wanampisha kwenye nini.

Akasimama mbele ya kisahani cheusi. Hakuwa amesimama wima hivyo tangu alipoacha ulinzi.

"Hodi," akasema.

"Kamwene, mlinzi wa sweta. Leo umewahi. Umefukuzwa kitandani?"

Mwanafunzi mmoja akacheka nyuma yake, akakatisha.

"Kamwene."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Nyumbani?"

Alitaka kusema, ila. Alikuwa ameiweka ile ila ncha ya ulimi tangu bondeni. Ikatangulia "kwema", kama inavyotangulia siku zote, na ila ikabaki ndani ikingoja zamu yake.

Hodi ikanyamaza kidogo, pale pale ambapo Eufrasia angenyamaza, akimkagua kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Hilo sweta limeachia kiwiko," ikasema. "Usiende nalo hivyo kwa watu. Mwambie mama alishone."

Bathromeo akafumba macho. Ndani ya geti Somoe aliinua mkono hadi mdomoni. Kwenye gari, Profesa alikuwa amezima injini, na nguruwe wa Idara ya Kilimo walisikika wakikoroma bandani mwao. Mzee akashika kiwiko chake, mahali uzi ulipoachia, akaukunja mdomo kuwa tayari kwa neno ambalo hata yeye alikuwa bado hajajua ni lipi.

"Na mama," Hodi ikauliza, "hajambo?"